Kaka wa Njiani

Wiki ya Nauruzi, mwaka mpya wetu wa machipuko, Tashkent nzima hukumbuka kwao. Treni zinajaa, ndege zinajaa, na sisi watu wa Nukus, ambao kwetu ndiko mbali kuliko kwa wote, tunabaki kwenye uwanja wa teksi za safari ndefu tukigombania viti. Kilomita elfu moja na zaidi, karibu nusu yake jangwa la Kizilkum, na dereva anayekuapia kwa watoto wake kwamba gari linaondoka sasa hivi, amebaki mtu mmoja tu.

Dereva wa asubuhi ile aliitwa Orinbai, na yule mtu wake mmoja alikuwa amebaki tangu jana yake jioni. Parahat alipofika, begi begani na boksi la keki mkononi, alifungua mlango wa mbele akakuta mkoba mwekundu umewekwa juu ya kiti chake.

"Mkoba wa nani huu?"

"Wa mwenye kiti," sauti ilijibu nyuma yake.

Akageuka. Msichana alikuwa amesimama anatafuna mbegu za alizeti, koti la kijani limemfika magotini, kitambaa cheupe kimefungwa kisogoni kama wafungavyo mabinti wa kwetu, na miguuni viatu vya kisigino ambavyo mtu mwenye akili zake havai kwa safari ya siku nzima. Midomo ameipaka rangi, na ilikuwa ndiyo kwanza saa kumi na mbili asubuhi.

"Dada, kiti hiki nimekiagiza tangu jana."

"Mimi tangu juzi."

"Kwa nani?"

"Kwa huyo Mzee Orinbai anayejifanya anakagua tairi."

Wote wawili wakamgeukia. Orinbai akazidi kuliinamia tairi lake. "Wanangu, sikukuu hii, msimtafutie mzee kesi," alisema. Wakiwa bado wanabishana, akaja Mama Tazagul, mama mnene wa makamo aliyekuwa akirudi kwao na cherehani. Akauchukua ule mkoba, akamkabidhi mwenyewe kwa heshima zote, akaketi mbele, akafunga mlango.

"Magoti yangu hayakunjiki," alisema kupitia dirishani. "Nyie vijana kaeni nyuma na cherehani yangu. Buti imejaa."

Basi wakakaa nyuma, Parahat kulia, msichana kushoto, na cherehani katikati ndani ya kasha lake la mbao kama shangazi aliyetumwa kuwachunga. Kwa saa nne nzima hawakusemezana. Parahat alitazama mashamba ya pamba yaliyokuwa bado matupu, akijiambia kwamba msichana ana maringo. Lakini kila gari lilipokata kona, alijikuta amegeuza shingo upande ule ule.

Karibu na Samarkand msichana akamnyooshea kiganja kilichojaa mbegu za alizeti. "Kula, usinune. Kiti chenyewe tumenyang'anywa wote."

"Sinuni. Ndivyo uso wangu ulivyo."

"Pole sana. Naitwa Sarbinaz. Nipo kwenye duka la miwani, napima watu macho. Hebu nisomee bango lile."

"Bango lipi?"

"Nimeshapata jibu," akasema Sarbinaz, na Mama Tazagul akacheka huko mbele mpaka kiti kikatikisika.

"Mimi ni fundi lifti," Parahat alijitetea. "Lifti haitengenezwi kwa macho, inatengenezwa kwa masikio. Nikisimama kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, najua kinacholia ghorofa ya tisa."

"Na mimi nalia nini?"

"Wewe? Wewe unahitaji grisi kidogo tu."

Hapo alipigwa kofi la begani, na sisi wa kwetu tunajua kofi la namna ile lina maana gani. Bukhara walikula sambusa za tanuri wakiwa wamesimama, mafuta yakiwachuruzika vidoleni, na namba za simu zikabadilishana mikono. Sarbinaz aliandika "Lifti" mahali pa jina. Parahat aliandika "Kiti cha Mbele". Alikuwa na miaka ishirini na tisa, ameishi Tashkent saba, amepanga chumba kimoja chenye kochi na birika, na hakumbuki mara ya mwisho alipocheka hivi na mtu.

Baada ya Bukhara mashamba yakaisha, miti ikaisha, ukabaki mchanga na vichaka vya saksauli na barabara ya zege iliyogongagonga chini ya tairi. Jua lilikuwa kali lakini upepo wa Machi una meno, na Sarbinaz alilitandaza koti lake la kijani juu ya magoti na juu ya kasha la cherehani. Chini ya koti lile vidole vyake vilikuwa juu ya mbao. Vya Parahat navyo vikafika. Orinbai aliongeza sauti ya redio, Mama Tazagul alisinzia, na mkono wa msichana ukageuka taratibu, kiganja juu, ukautia mkono wa fundi ndani. Walisafiri hivyo kilomita mia moja na kumi. Najua, kwa sababu baadaye Parahat alizihesabu.

Walisimama kunywa chai nje kidogo ya Gazli, kwenye mgahawa wa barabarani wenye majukwaa ya kukalia na mikeka. Supu ya kondoo, mkate, chai ya kijani. Mama Tazagul aliamka na njaa na udadisi kwa pamoja.

"Na wewe mwanangu fundi," alisema akimega mkate, "mtu wa ukoo gani?"

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Lilikuwa limechelewa tu kwa sababu ya ugomvi wa kiti. Parahat hakufikiri. Alijibu kama alivyojibu tangu akiwa na miaka tisa, haraka na kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Muiten, mama. Muiten wa Shimbay."

Sarbinaz alikuwa ameinua kikombe. Akakirudisha mkekani bila kunywa.

"Muiten?" aliuliza polepole.

"Ndiyo."

"Na mimi ni Muiten."

Mama Tazagul akapiga makofi kwa furaha. "Alaa, kumbe nasafiri na kaka na dada. Ndiyo maana mnafanana pua. Kunywa chai, binti yangu, umekutana na kakako jangwani, bahati iliyoje."

Watu wengine wanaoana watoto wa ami na hakuna anayeshtuka. Kwetu hapana. Muiten haoi Muiten, hata kama babu waliyechangia alizikwa zamani za makhan, watawala wa kale, na hakuna anayelijua kaburi lake. Ni damu moja, basi. Msichana anayemshika mkono kaka yake chini ya koti hana pa kuuficha uso, na Sarbinaz hakuuficha. Alikaa wima, uso umemwiva, akatoa simu mkobani, na mbele ya macho ya Parahat akalifuta lile jina "Lifti" akaandika "Kaka Lifti".

"Ili nisisahau," alisema, akajaribu kucheka.

Parahat aliinamia kikombe chake. Maana alikuwa amesema uongo.

Si uongo wa kumdanganya yeye. Ulikuwa uongo wa zamani, aliouvaa tangu utotoni mpaka ukawa ngozi. Muiten walikuwa watu wa mama yake. Baba yake alimwoa mama, akakaa naye miezi minane, akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi, na mpaka leo hajatuma hata salamu. Mama akarudi kwao na mimba. Babu akafanya kama wafanyavyo wazee wengi kwetu: mtoto alipozaliwa akamwandikisha kwa jina lake mwenyewe, kama kitindamimba wake. Parahat akakua akimwita babu "baba", mjomba wake "kaka", na mama aliyemzaa "dada". Dada Ulbosin. Kila mtu Shimbay alijua, na kila mtu alinyamaza kwa heshima, isipokuwa siku moja kwenye karamu ya harusi, mzee mmoja aliyekuwa akigawa nyama ya heshima kwa watoto wa ukoo alimfikia, akairudisha sahani. "Huyu si wetu," alisema, bila ubaya wowote. "Huyu ni mtoto wa dada." Sahani ikampita. Tangu siku hiyo hakuna Muiten aliyejitaja Muiten kwa sauti kubwa kuliko Parahat.

Angesema nini sasa, mbele ya Mama Tazagul na dereva? Samahanini, nimekosea ukoo wangu? Mtu anakosea basi, anakosea bei, hakosei baba. Alitamani mchanga ule umfunike pale pale alipoketi. Akanywa chai yake.

Masaa sita kutoka Gazli mpaka Nukus. Sarbinaz alilivaa koti lake na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mikono aliikunja mapajani kama mtoto anayesubiri kukaripiwa. Kila baada ya muda alisema jambo la kidada, la kujikaza: kaka una njaa, kaka funga dirisha utapata mafua. Na kila aliposema "kaka", shingo yake ilipanda wekundu, na Parahat aliuona wekundu ule, akajua umetoka wapi, akajua kwamba neno moja lake lingeuondoa. Hakulisema. Mto Amu ulipotokea kando ya barabara jua likizama, hakuna aliyeutazama.

Kesho yake, siku moja kabla ya Nauruzi, Parahat alikuwa uani kwao Shimbay, mji mdogo kaskazini ya Nukus, akipasua kuni za saksauli. Mjomba Jalgas alikuwa ameenda kuchukua kondoo. Ulbosin alikuwa amekaa kwenye benchi na beseni la unga wa mtama, anakanda madonge ya gurtik ya kutia kwenye supu, mikono myeupe mpaka viwikoni. Ni mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na tisa, mwenye meno mawili ya dhahabu ambayo huyafunika kwa mkono akicheka. Simu ya Parahat ikalia.

"Kaka Lifti."

"Usiniite hivyo, Sarbinaz."

"Nikuite nani? Umefika salama?"

"Nimefika. Wewe?"

"Nimefika. Mama kanichinjia kuku. Baba kafurahi nimesafiri na ndugu wa damu, anasema Muiten wote wa Shimbay anawajua, anataka uje sikukuu hii ule naye." Sauti ikacheka kidogo, halafu ikakatika. "Usije."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sauti yako si ya kaka. Na yangu si ya dada. Nimeoga mara mbili tangu jana, Parahat, na bado sijisikii msafi. Mimi ndiye niliyeugeuza mkono. Wewe uliweka tu, mimi nikaugeuza. Mama akinitazama nahisi anajua."

"Huna kosa, Sarbi. Sikiliza..."

"Nasikiliza."

Hapo ndipo mwanamume angesema. Alikuwa na shoka mkononi, jua la saa nne usoni, na msichana wa watu anasubiri upande wa pili. Alifikiria lile jina ambalo hajawahi kulitamka, alifikiria baba wa Sarbinaz akiuliza, naye akijibu kwamba hata huyo baba yake hajui yuko wapi.

"Hakuna," alisema. "Sikukuu njema."

"Na kwako, kaka," Sarbinaz alisema, akakata.

Ulbosin hakuinua macho kutoka kwenye beseni. Simu ile ilikuwa na sauti ya kusikika nyumba ya tatu.

"Kwa nini hukumwambia?"

"Kumwambia nini, dada?"

"Kwamba wewe si Muiten."

Shoka likabaki limekaa kwenye gogo. Miaka ishirini na tisa katika ua ule, na maneno yale hayakuwahi kusemwa na mtu wa ndani.

"Mzee alinipa jina lake," Parahat alisema.

"Alikupa ili usichekwe wewe. Na mimi nikakubali uniite dada ili nisichekwe mimi. Tusimsingizie marehemu peke yake." Alikuwa akikanda kwa nguvu kuliko unga ulivyotaka. "Nilikuwa na miaka ishirini. Nilifikiri nitaolewa tena, na dada wa mtu anaolewa upesi kuliko mama wa mtu. Haya, sikuolewa. Na kila ulipoanguka ukaumia, ulimkimbilia mama yangu."

Parahat hakujua aangalie wapi. Aibu aliyokuwa ameibeba kutoka Gazli aliidhani ni yake peke yake.

"Wewe ni wa ukoo wa Kenegesi," Ulbosin aliendelea. "Baba yako ni Tolibai. Tolibai wa Erejep. Erejep wa Kalmurat. Kalmurat wa Jumanazar. Jumanazar wa Otegen. Otegen wa Baimurat. Baimurat wa Shonki. Saba hao, kama desturi inavyotaka kila mtu awajue."

"Umewajulia wapi?"

"Nilikaa kule miezi minane. Mama mkwe alinifundisha tukisokota uzi, akisema ipo siku huyu wa tumboni atawahitaji. Mwanawe hakuwa na haya, lakini yule mama alikuwa mtu. Kila mwaka, siku uliyozaliwa, nimekuwa nikiwarudia mmoja mmoja nisije nikawasahau."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akaifuta mikono yake kwenye aproni. "Siku ya pili ya Nauruzi ni ya kutembeleana. Tutaenda Nukus. Huwezi kumwachia mtoto wa watu aibu yetu."

"Utaaibika mbele ya watu usiowajua."

"Nimeshaaibika miaka yote hii, Parahat, bila faida yoyote."

Siku ya pili ya sikukuu walipanda gari la abiria kwenda Nukus, Ulbosin amevaa gauni lake la buluu la mahameli na shali la maua ambalo kwa kawaida hukaa sandukuni. Njia nzima Parahat alikuwa akinong'ona majina, vidole vikihesabu juu ya goti. Alimsahau Otegen mara mbili. Mama yake akamsahihisha, sauti ya chini, bila kumtazama, kama watu wawili wanaopeana siri kanisani au msikitini.

Geti, lile lile ambalo Orinbai alimshushia Sarbinaz usiku ule, lilifunguliwa na msichana mwenyewe. Alikuwa amevaa kizibao chekundu juu ya gauni jeupe, hereni za fedha za bibi yake, na midomo haikuwa na rangi kabisa. Alipomwona, damu ikampanda shingoni pale pale.

"Nilikwambia usije," alisema kwa kunong'ona. Kisha kwa sauti ya wote, "Karibu, kaka."

Ndani, kitambaa cha chakula kilikuwa kimetandazwa chumba kizima: sumalaki, uji mtamu wa ngano wa Nauruzi, kwenye mabakuli, karanga, mikate, sahani ya nyama. Baba yake Sarbinaz, Mzee Kuanish, alikuwa amestaafu kwenye pampu za maji, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mfereji. Akasimama na mikono wazi.

"Ndugu yetu huyu. Pita juu, pita juu, kwenye nafasi ya wageni wa heshima, Muiten hakai mlangoni kwa Muiten. Na huyu ni dada yako?"

Parahat alivuta pumzi. Lakini Ulbosin alimtangulia. Labda aliuona uso wake ulivyobadilika, labda ni mazoea tu ya miaka. Tabasamu likamtoka, mkono ukafunika meno ya dhahabu.

"Ndiyo, mimi ni dada yake mku..."

"Siyo," Parahat alisema.

Mama yake Sarbinaz alikuwa ameshika birika, akabaki nalo hewani.

"Siyo dada yangu. Ni mama yangu. Ndiye aliyenizaa." Sauti ilimtetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Na mimi si Muiten, mzee. Mama ndiye Muiten. Nilidanganya njiani. Siku zote nadanganya hivyo, kwa sababu baba yangu alituacha nikiwa tumboni, na mimi nimeona haya kumtaja. Nilimwacha binti yako aamini kwamba ni dada yangu. Nilikuwa na masaa sita ya kumwambia, na juzi nikawa na simu, sikusema. Nimekuja kusema."

Mzee Kuanish alikaa chini polepole. Alimtazama kijana, akamtazama mama, na Ulbosin alikuwa ameinamisha kichwa, shali limemteremka.

"Ukoo wa baba yako?"

"Kenegesi."

"Kenegesi gani? Mtu huwa na watu. Taja watu wako."

Parahat alianza na yule aliyekuwa mgumu kuliko wote. "Tolibai," alisema, na halikumuua. Kisha wengine wakaja wenyewe, mpaka Otegen, mpaka Shonki. Alipomaliza, mgongo wa shati ulikuwa umelowa.

"Shonki," mzee alisema, akikuna kidevu. "Wapo watu wa Shonki kule Shomanai. Watu wa kelele, lakini watu." Akamgeukia Ulbosin, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Dada yetu, nani alimfundisha?"

"Mimi."

"Basi pita juu wewe. Wewe ndiye Muiten hapa. Huyu mwongo akae mlangoni kwanza."

Mama yake Sarbinaz akamshika Ulbosin mkono akamkalisha juu, penye mto wa kuegemea. Parahat akageuka kumtafuta Sarbinaz. Hakuwepo. Alimkuta uani, karibu na sufuria kubwa la sumalaki lililokwisha kupakuliwa, anakwangua ukoko kwa mwiko mrefu kana kwamba umemtukana.

"Sarbi."

"Masaa sita," alisema bila kugeuka. "Ulinitazama masaa sita naungua kwa haya, na maji ulikuwa nayo mkononi."

"Ndiyo."

"Nikasema toba zote ninazozijua. Nikamwambia Mungu mimi ni mchafu. Na wewe uko pale unakula pipi za Mama Tazagul."

"Nilikula moja."

"Mbili. Niliona." Akageuka. Machoni alikuwa na machozi na hasira, vyote kwa pamoja. "Kama ungeniambia pale pale Gazli kwamba baba yako aliondoka, unajua ningefanya nini? Ningekwambia nipe mkate. Basi. Ulifikiri mimi ni nani?"

"Sikufikiri kuhusu wewe. Niliona haya, nikajifikiria mimi tu." Hakujitetea zaidi ya hapo, maana hakukuwa na zaidi. "Sikuja ili unisamehe. Nimekuja ili usioge tena."

Sarbinaz alitaka kununa, lakini kicheko kikamponyoka puani, naye akakasirika kwa kuwa kimemponyoka. Akachota ukoko wa sumalaki kwa ncha ya mwiko, akamnyooshea.

"Kula. Na usifikiri yamekwisha. Nitakununia mpaka Tashkent. Tarehe ishirini na tano naondoka na Mzee Orinbai, nimeshaagiza kiti cha mbele."

"Na mimi nikae wapi?"

"Nyuma, ambako hukuona aibu kukaa na kunidanganya. Nikichoka kukununia nitakuja nyuma. Nikichoka." Alimwangalia akila, kidevu kimechafuka. "Na miwani utapimwa. Mume kipofu simtaki."

"Umesema mume?"

"Nimesema kipofu. Nenda kamwite mama yako, aje aone tunavyopika sisi Muiten wa mjini. Aje apumzike na maswali ya baba."

Parahat alisogea mpaka dirishani. Ndani, wanawake wanne walikuwa wameketi pamoja na Ulbosin katikati yao, kikombe mkononi, akisikiliza hadithi ya mtu. Akavuta kioo.

"Mama," aliita.

Mama yake Sarbinaz akainua kichwa. Shangazi mmoja mzee akainua kichwa. Jirani naye akageuka. Ulbosin alikunywa chai yake, akasubiri kwa adabu mwenye kuitwa aitike.

Sarbinaz alikuwa amekuja nyuma yake, na mkono wake, wenye harufu ya moshi na ngano, ukagusa mgongo wa shati lililolowa.

"Hajui kwamba ni yeye," alisema. "Ita tena."